Ukurasa Nilioambiwa Nisiuguse

4 Februari

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo, isipokuwa goti la mama, ambalo limejitangazia serikali yake. Likitaka kwenda linakwenda, likikataa mama anabaki palepale kwenye cherehani, anashona mpaka apewe ruhusa ya kuinuka. Anakusalimu. Mume wangu ni yuleyule wa kupoteza funguo, na binti yetu ameng'oka meno mawili ya mbele, sasa hacheki mbele ya wageni.

Ningekuandikia kwa barua pepe ikufikie leo hii, lakini siku ile unaondoka ulinikataza, ukasema ya kazini ni ya kazini, na mambo ya nyumbani yana karatasi yake. Simu yako nayo nimechoka kuijaribu. Basi barua hii isubiri ije na lori la hayo machimbo yenu ya chokaa.

Mjomba, nimepanda cheo! Tangu mwanzo wa mwezi mimi ndiye Mpimaji Mkuu wa maabara ya maji. Nina funguo za kabati la kemikali na meza yenye droo inayofungika. Bi Chupa, yule mama wa kuosha na kupanga chupa za sampuli ambaye nimefanya naye kazi tangu siku ya kwanza, alinipigia makofi peke yake korido nzima mpaka nikaona haya.

Shida ni hii. Barua pepe zangu bado zinatoka na saini uliyoniwekea wewe miaka minne iliyopita: "Mpimaji Msaidizi". Juzi mhandisi mmoja alinijibu, "Mwambie bosi wako aniandikie." Nikamjibu bosi ndiye mimi. Tena saa zinazoonekana kwenye barua ziko nyuma kwa saa mbili, na barua za pampu zote zimerundikana pamoja kama nguo za mitumba. Tangu uhame hatujapata fundi mwingine wa kompyuta. Nielekeze nizipange mwenyewe.

Kuna na jambo la pampu ya pili, ile inayolisha mitaa iliyo nyuma ya kiwanda cha magodoro na shule ya pale. Sampuli za wiki tatu mfululizo ni chafu. Nimemwambia Meneja mara mbili. Mara ya kwanza alisema chupa zangu hazikuoshwa vizuri. Mara ya pili alisema cheo nimepewa juzi, nisianze kutafuta sifa. Sijui nifanye nini.

Mpwa wako,
Kidoti


25 Februari

Kidoti, mwanangu,

Marahaba. Barua yako imenifikia ikiwa na vumbi la chokaa kama kila kitu huku. Nikila nakula chokaa, nikilala nalala chokaa, nikipiga chafya wenzangu wanakimbia. Lakini kazi ni nzuri. Nina wasaidizi wawili na chumba chenye kiyoyozi, ingawa kiyoyozi ni cha kompyuta, mimi nadoea tu. Mwambie dada yangu goti asilibembeleze, alipeleke hospitali.

Hongera sana. Nilijua. Siku nilipokuleta pale ofisini ukiwa na bahasha yako ya vyeti nilimwambia Meneja, huyu atakupiteni nyote.

Sasa sikiliza. Fungua barua zako kama kawaida. Juu kulia kuna alama ya gurudumu la meno, ibonyeze, utaona "Mapendeleo". Ndani yake kuna kurasa zimepangwa upande wa kushoto. Wa kwanza ni wa jina na saini: futa "Msaidizi", andika "Mkuu", na usiongeze maua wala methali, wewe ni mtu wa maabara. Wa pili ni wa lugha na saa. Wa tatu ni wa vichujio. Hapo ndipo utaiamrisha seva, ile kompyuta kubwa inayotunza barua zote za ofisi, kwamba barua ya pampu ya kwanza iingie folda yake na ya pili yake. Chujio wewe hufundishwi, ni kazi yako. Kila ukimaliza ukurasa bonyeza "Hifadhi". Seva haisomi mawazo. Ukitoka bila kuhifadhi utarudi ukute bado u msaidizi.

Ukurasa wa mwisho kabisa, ulioandikwa "Kuelekeza", usiuguse. Usiufungue hata kwa kutazama. Ule ni wa mafundi. Ukibonyeza pasipostahili, barua zako zitapotea njia, na mimi niko mbali.

Kuhusu pampu ya pili, Meneja ni mtu wa kusubiriwa. Lakini ukiona ni lazima kusema mahali pakubwa zaidi, nenda kwa miguu. Kaa nao uso kwa uso. Mengi yanaharibika kwa kuandika.

Mjomba wako


20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama alipelekwa hospitali, akapewa dawa ya kupaka na onyo la kupunguza kukaa. Ameipokea dawa, onyo ameliacha palepale mlangoni. Binti ameota jino moja, limekaa upande.

Mapendeleo niliyaweka kama ulivyosema, kila kitu kikakaa sawa. Saini inasomeka "Mkuu". Na nimekuwa Mkuu kwa wiki saba tu, Mjomba, maana sasa hivi nakuandikia kutoka stoo ya mita.

Kwenda kwa miguu sikuweza. Ofisi ya wakaguzi wa maji iko safari ya siku mbili na Meneja alininyima ruhusa. Kwa hiyo tarehe 11 Machi niliwaandikia kwa barua pepe. Niliweka vipimo vyote na tarehe zake. Mwishoni nikaandika: "Tafadhali mje bila kutoa taarifa, maana wakijua watasafisha." Wakanijibu siku hiyohiyo kwamba watakuja Jumatatu na hawatamwambia mtu.

Alhamisi, mafundi sita walikuwa pampu ya pili na malori ya mchanga mpya. Chujio la zamani lilitolewa, likaingia jipya. Daftari la pampu likaandikwa upya kwa kalamu moja kuanzia Januari. Jumatatu wakaguzi wakafika, Meneja akawamiminia maji kwenye glasi, wakanywa, wakasifu.

Siku ya pili yake aliita mkutano wa wafanyakazi wote. Alisema kati yetu kuna mtu anayeichongea ofisi. Kisha akasema, akitazama dirishani kama mtoto anayesoma shairi alilolikariri: "Tafadhali mje bila kutoa taarifa, maana wakijua watasafisha." Neno kwa neno.

Mtu mmoja tu nilikuwa nimemwonyesha barua ile kabla ya kuituma, naye ni Bi Chupa. Wengine walipotoka nilimfuata korido na kumwambia mbele ya watu kwamba ameniuza. Alikuwa na chupa mbili mikononi. Aliziweka chini polepole zisivunjike, akasema, "Kidoti, mimi?" Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako. Tangu siku hiyo hanisemeshi, na wenzake wote wa chumba cha kuoshea hawanisemeshi.

Mimi sasa nahesabu mita mbovu. Meneja amefungua shauri la kunifukuza kwa kutoa siri za ofisi, na kamati ya wafanyakazi italisikiliza mwezi wa saba.

Swali langu ni la kifundi. Mbali na mtu kumwonyesha mwenzake kwa macho, kuna njia yoyote mtu mwingine anaweza kusoma barua zangu ndani ya seva? Wewe uliiweka ile seva kwa mikono yako. Ukisema haiwezekani, nitajua ni Bi Chupa na nitaacha kujiuliza.

Kidoti


2 Juni

Kidoti,

Marahaba, mwanangu. Nisamehe kuchelewa. Mvua zimekata barabara, lori limekaa ng'ambo ya daraja wiki mbili nzima. Mimi mwenyewe nilishikwa na kifua, sababu ni chokaa hiyohiyo. Nimefurahi kusikia habari za jino. Mwambie dada yangu yale maji ya moto na chumvi yanasaidia goti kuliko dawa ya kupaka.

Nimesikitika na yaliyokupata. Dunia ina mambo.

Seva ni kama ofisi ya posta, wanaopita ni wengi na si rahisi kusema nani kaona nini. Badilisha nenosiri lako. Huyo Bi Chupa mimi simjui kwa undani. Alikuwa mtu mzuri, lakini watu hubadilika, hasa mwenzao akipanda cheo. Sisemi ni yeye. Wala sisemi siye.

Ule ukurasa wa mwisho bado hujaugusa? Vizuri. Uache hivyohivyo.

Ushauri wangu, muombe Meneja radhi yaishe. Maji yenyewe si yameshasafishwa?

Mjomba


20 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Mama hajambo. Sote hatujambo.

Ofisi imepata fundi mpya wa kompyuta, binti mdogo wa miwani mizito. Jumanne alishuka stoo kuorodhesha mashine kuukuu, akanikuta nahangaika kubadilisha nenosiri kama ulivyonishauri. Akavuta kiti. Alifungua Mapendeleo, akapita ukurasa mmoja mmoja, na alipofika wa mwisho nikamshika mkono.

"Huo usiuguse," nikamwambia. "Barua zitapotea."

"Nani kakuambia?"

"Fundi aliyekutangulia. Mjomba wangu."

Alinitazama, kisha akabonyeza. Hakuna kilichopotea. Kulikuwa na mstari mmoja tu: "Tuma nakala ya siri ya kila barua inayoingia na inayotoka kwa", halafu anwani ya Meneja. Si ile ya ofisini, ni ile yake ya nyumbani.

"Dada, hii uliomba wewe?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa. Akashusha macho chini ya ukurasa, akasoma kwa sauti ndogo: imewekwa na fundi, na tarehe, na saa nne na dakika kumi asubuhi. Tarehe ile ni siku yangu ya kwanza kazini, Mjomba. Asubuhi ile ulikaa kwenye kiti changu ukaniambia, "Nenda kaniletee chai, nikutengenezee mambo yako." Nikaenda. Nikakuletea, na nikakuuliza sukari inatosha.

Miaka minne! Barua niliyomwandikia daktari kuhusu mimba iliyotoka, niliiandika kutoka ofisini kwa sababu nyumbani sikutaka mama aione. Meneja aliisoma. Alikuwa akinisalimia asubuhi naye anajua.

Nimeketi na barua zako mbili mapajani. Nilidhani umenikataza kukuandikia kwa barua pepe kwa sababu unapenda karatasi. Kumbe ulijua mlango ule haufungwi. Ukakataza yako yasisemwe mle ndani, ukaniacha niseme yangu yote.

Na nilipokuuliza waziwazi ukaniandikia watu hubadilika.

Jana nilikwenda kwa Bi Chupa. Alinifungulia, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Nililia, yeye hakulia. Akasema, "Nimekusamehe, mama. Lakini kufanya kazi pamoja nawe sitaweza tena. Kila nikishika chupa nitakuwa nasikia ile sauti yako ya korido." Ameomba ahamishiwe tawi jingine. Huyo nimempoteza mimi kwa kinywa changu, sikusingizii wewe. Lakini ungeweza kunizuia kwa mstari mmoja.

Kamati inakaa tarehe 22 Julai. Meneja atasema nakala ile niliiweka mwenyewe. Fundi mpya atasema alichokiona, lakini ni mgeni na Meneja ndiye bosi wake. Wewe ukiandika uliweka nakala ile kwa amri ya nani, na kwamba mimi sikujua, mambo yatakwisha. Karatasi moja tu. Na uniambie kwa nini.

Kidoti


8 Julai

Mwanangu,

Sina habari za kukupa, nitaanza moja kwa moja.

Ni mimi niliyeweka. Nilipoomba upewe kazi, Meneja alisema atakuchukua, ila wapimaji wapya lazima waangaliwe miezi mitatu, maana wanaona vipimo na vipimo ni siri. Akaniambia weka nakala, ukikataa mtafutie mpwa wako mahali pengine. Wakati ule ulikuwa na mwaka mzima unazunguka na ile bahasha. Mama yako alikuwa anashona nguo za jirani mpaka vidole vinavimba. Nikasema miezi mitatu si kitu.

Miezi mitatu ilipokwisha nikamkumbusha. Akasema mstari wa wengine utoe, wa Kidoti uache, ana kichwa kigumu. Nikauacha. Nilijiambia nitautoa mwezi ujao. Kisha ikaja nafasi hii ya machimboni. Mkuu wa hapa ni rafiki yake na barua ya kunisifu aliiandika yeye. Siku ya mwisho nilikaa mbele ya ile seva, nikaufungua ukurasa wako. Meneja akaingia kuniaga. Nikaufunga.

Ndiyo maana nilikuambia nenda kwa miguu. Nilidhani utaelewa. Kuandika zaidi ya hapo niliogopa.

Kuhusu yule mama wa chupa sina la kujitetea. Niliandika vile kwa sababu kalamu ilikuwa mkononi na jina lake ulikuwa umeshaniletea wewe.

Lakini kwa kamati siwezi kuandika. Nina miaka hamsini na saba. Nikitoka hapa hakuna atakayenichukua. Wewe bado kijana, una vyeti, utapata pengine. Mimi nilikuwa baba yako pale baba yako alipoondoka, nilikushika mkono mpaka shuleni. Nakuomba unihesabie na hayo.

Barua hii ni yako, si ya kamati. Ukishaisoma ichome.

Mjomba wako


30 Agosti

Mjomba,

Shikamoo.

Sikuichoma. Nilikaa nayo siku nne. Niliitia kwenye droo ya cherehani, nikaitoa, nikaitia tena. Siku ya tano mama akaikuta akitafuta uzi, akaisoma. Nilimsubiri apige kelele. Hakupiga. Aliikunja kama ilivyokuwa, akanirudishia, akasema, "Shule ya pale pampu ya pili ina watoto wangapi?" Nikamwambia mia sita na kitu. Akaendelea kushona.

Tarehe 22 niliipeleka. Mwenyekiti wa kamati aliisoma kwa sauti mbele ya watu wote, kuanzia "Ni mimi niliyeweka" mpaka "ichome". Ile sehemu ya vidole vya mama nilitamani airuke, hakuiruka. Meneja alisema huo ni uongo wa mzee mwenye kinyongo. Fundi mpya akasimama, miwani inamteleza kwa jasho, akasema ukurasa anao, tarehe anayo, na anwani ya nyumbani ya Meneja kila mtu anaijua. Akakaa. Kisha mtu wa tatu nisiyemtarajia, fundi mmoja wa mabomba, akasema yeye ndiye aliyepakia ule mchanga mpya Alhamisi, na kwamba waliambiwa waharakishe kabla ya Jumatatu.

Meneja amesimamishwa. Wakaguzi walirudi, safari hii wakapima badala ya kunywa. Lile chujio jipya lilikuwa mchanga wa juu tu, chini yake hakikubadilishwa kitu. Pampu ya pili ilifungwa siku kumi na moja, mitaa ile ikapelekewa maji kwa magari. Sasa inafanya kazi, na sampuli zangu za wiki tatu ni safi. Nimerudishwa maabara. Chupa anaosha mtu mwingine, mpole, ila hapigi soga. Bi Chupa alinitumia salamu kupitia dereva wa tawi lao. Salamu tu.

Dereva wa lori la machimbo naye amefika na ujumbe wako kwa mama. Amesema wamekuachisha kazi siku mbili baada ya habari kuwafikia, na kwamba unauliza kama unaweza kurudi nyumbani. Nilikuwa nimesimama palepale mlangoni akisema.

Najua nimekutoa kazini. Sikufanya kwa kuteleza, nilijua litakalokupata nikaenda. Nakuandikia mwenyewe ili ulijue kutoka kwangu, usilipate kwa kusomewa mkutanoni.

Jibu la mama ni njoo. Amesema wewe ni nduguye wa tumbo moja na chumba cha nyuma kipo. Ameshakifagia, goti na yote. Nyumba ni yake, mimi sina neno. Binti atakukimbilia, kwa sababu hatujamwambia kitu na hatutamwambia.

Na mimi utanikuta. Jumapili huwa nashinda nyumbani namsaidia mama. Nitakuamkia, maana shikamoo ni haki ya umri wako na sikulelewa kuikata. Nitakumiminia chai. Ukiniuliza habari zangu, nitasema njema. Ukiniuliza habari za kazi, nitasema njema. Zikiwa njema nitasema njema, na zikiwa mbaya, Mjomba, nitasema njema.

Mpwa wako